Kuziba Nyufa za Pipa la Plastiki: Niliyojifunza Ndani ya Mashine za Kufulia

Mashine za kufulia ninazoletewa kwa sababu pipa linavuja huwa, mara nyingi, zimekwisha kupakwa gundi kabla hazijanifikia. Nikiilaza mashine ubavu na kufungua mfuniko wa nyuma, nakuta kiraka kinene cha epoksi, au utando wa silikoni uliosambazwa kwa kidole, au matone ya supagluu yaliyokauka na kugeuka meupe kandokando ya ufa. Huwa naanza kwa kupenyeza ukucha chini ya ukingo wa kiraka hicho. Kinabanduka chote kwa mara moja, kikiwa kizima, na upande wake wa chini unang'aa, umechukua umbo la kila mkwaruzo uliokuwa kwenye pipa bila kubeba hata chembe ya plastiki yenyewe. Kung'aa huko kunanieleza yote ninayohitaji kujua: gundi ilikauka vizuri, ikawa ngumu kama ilivyoahidiwa kwenye kopo lake, lakini haikushikana na pipa hata siku moja. Ilikuwa imekaa tu juu yake, ikisubiri mtikisiko wa kwanza wa kukamua.

Kosa si la gundi, wala si la mkono ulioipaka. Pipa la nje, yaani lile linalobeba maji na ambalo halizunguki, katika mashine nyingi za siku hizi hutengenezwa kwa polipropilini, plastiki iliyoingia viwandani kwa kishindo baada ya kazi aliyoifanya Giulio Natta mwaka 1954, na iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobeli ya Kemia mwaka 1963 pamoja na Karl Ziegler. Viwanda viliipenda kwa sababu haidhuriwi na ukali wa sabuni ya unga, hainywi maji, inapindika mara nyingi bila kukatika, na huanza kuyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi za Selsiasi, ilhali maji ya kufulia hata katika mashine zinazochemsha hayazidi nyuzi 95. Sasa, tabia hiyohiyo ya kutokubali kuingiliwa na kitu ndiyo inayomtesa anayetaka kuiziba. Uso wake hauvuti vimiminika, kwa hiyo gundi ya kawaida haitandai na kujipenyeza, bali hujikusanya juu yake kama maji juu ya jani la myugwa.

Wapo wanaonijibu kwamba kiraka cha gundi kingeshika kama kingekuwa kinene zaidi, kwa kuwa shida ni nguvu ya maji. Mimi sikubaliani nao, na hesabu yenyewe ni fupi. Maji yenye kina cha sentimita 20 hukandamiza sakafu ya pipa kwa kilopaskali 2 tu, yaani kama asilimia 2 ya shinikizo la hewa inayotuzunguka. Kidole kinaweza kuyazuia. Kinachobandua kiraka ni kupanuka na kusinyaa kwa plastiki kila maji ya moto yanapoingia na ya baridi yanapofuata, pamoja na kutikisika wakati ngoma ya chuma iliyo ndani ya pipa inapokamua kwa mizunguko 1,000 hadi 1,400 kwa dakika. Plastiki hupanuka kwa joto mara kadhaa kuliko chuma, na epoksi ngumu haiwezi kuifuata. Unene wa kiraka hauondoi tatizo hilo, bali hulizidisha, kwa kuwa kiraka kinene ni kigumu zaidi na hukataa kupinda pale pipa linapopinda.

Kwa sababu hiyo, njia zote ninazoziamini leo ziko za aina mbili: ama naiyeyusha plastiki ya pipa ili iungane na plastiki ya aina yake, ama naubana uvujaji kwa boliti na mpira, bila kutegemea kitu chochote kishikane na uso wa pipa. Gundi chache zinazofaa nitazitaja baadaye, nazo zina masharti yake.

Lakini kabla ya yote hayo kuna swali ambalo fundi mwenye haraka huliruka: je, kweli ni pipa linalovuja? Maji chini ya mashine hayana anwani. Yanaweza kuwa yametoka kwenye raba ya mlango iliyochanika sehemu ya chini, kwenye kisanduku cha sabuni kilichoziba na kumwaga mbele, kwenye bano la mpira wa kutolea maji lililolegea, kwenye pampu, au kwenye gasketi ya hita, kisha yakafuata ukuta wa pipa na kudondokea mahali ambapo pipa ni zima kabisa. Mama mmoja mtu mzima aliniambia kwa uhakika, «Mwanangu, pipa limepasuka, nimeuona ufa kwa macho yangu,» na alichokiona kilikuwa mstari wa maungio ambao kiwanda huuacha pale nusu mbili za pipa zinapokutana. Maji yake yalikuwa yanatoka kwenye mpira mwembamba unaopanda kwenda kwenye swichi ya kupimia kina cha maji. Mpira ulikuwa umetoboka kwa kusuguana na ukingo wa bati, swichi ikawa haijui kama maji yamejaa, na mashine ikaendelea kujaza hadi maji yakapita kiwango chake.

Ninavyotafuta chanzo ni kwa kuuliza kwanza wakati wa kuvuja. Mashine inayovuja inapojaza tu, kisha ikaacha, mara nyingi ina tatizo juu, kwenye mipira ya kuingizia maji au kisanduku cha sabuni. Inayodondosha hata ikiwa imesimama kimya na maji ndani, ndiyo yenye dalili za ufa wa chini ya pipa, gasketi ya hita, au mpira wa kutolea maji. Inayovuja wakati wa kukamua pekee inanifanya nitazame pampu na mkondo wa kutolea, halafu maungio ya pipa na nyufa zilizo juu ya usawa wa maji, ambazo hufikiwa na maji yanayorushwa na ngoma. Na ile inayoacha michirizi ya rangi ya kutu katikati ya mgongo wa pipa, ikishuka kutoka kwenye puli, haina ufa hata kidogo. Sili ya shafti imekufa, beringi zimeanza kula maji, na hakuna plastiki ya kuziba pale.

Baada ya maswali, nakausha pipa lote kwa kitambaa na hewa, kisha napuliza poda ya watoto au unga mkavu upande ninaoushuku. Najaza maji kwa ndoo kidogokidogo, mlango ukiwa umefungwa na maji yakipitia kisanduku cha sabuni, na ninatazama kwa tochi. Tone la kwanza huchora njia yake ndani ya poda, na njia hiyo ukiirudia kwenda juu inakufikisha mahali penyewe. Ufa uliokaa muda mrefu hauhitaji hata poda, kwa kuwa sabuni na chokaa ya maji vimekwisha kuacha mkia mweupe uliokauka, mwembamba juu na mpana chini. Ninapenda pia kupima kwa urefu wa maji: nikijaza hadi tone lianze, nikaweka alama ya kalamu nje ya pipa, basi ninajua kwamba tundu haliko juu ya alama ile. Ni kazi ya kukaa chini na kusubiri, na wateja wengine huiona kuwa ni uvivu.

Mahali pa tundu panapojulikana, huwa panasema pia kilichotokea. Tundu dogo la mviringo au mkwaruzo mrefu unaoishia kwenye tundu, sehemu ya chini ya pipa, ni kazi ya kitu kigumu kilichopita kati ya raba ya mlango na ngoma: waya wa sidiria, msumari mdogo, skrubu, sarafu, pini ya nywele. Kitu kama hicho hujipachika kwenye tundu la ngoma, ncha moja ikiwa nje, na kila mzunguko unapopita hukata mahali palepale. Ngoma yenye kipenyo cha sentimita 48, ikizunguka mara 1,400 kwa dakika, mzingo wake huenda mita 35 kila sekunde, na kwa mwendo huo hata waya laini hukata kama tupa. Ndiyo maana sizibi tundu la aina hii kabla sijampata mhalifu. Huweza kuwa bado yumo ndani, amelala kwenye shimo la pampu au ameng'ang'ania ngoma, na asipotolewa atatoboa sentimita moja kando ya kazi yangu.

Plastiki iliyovimba, ikabadilika rangi na kuyeyuka kuzunguka hita, inaonyesha kwamba hita iliwaka bila maji ya kutosha. Ufa unaoanza kwenye tundu la boliti ya jiwe la zege, ule uzito unaofungwa kwenye pipa ili lisitikisike sana, unaonyesha kwamba jiwe lililegea na kuanza kugonga. Na pipa jipya lililopasuka baada ya kuhamishwa nyumba huwa limesafirishwa bila zile boliti ndefu zinazofungwa nyuma ya mashine ili kulizuia pipa lisibembee. Au, kinyume chake, mashine imewashwa boliti hizo zikiwa bado zimefungwa, ikajitikisa yenyewe hadi kitu kikaachia.

Hapo ndipo ninapoamua kama nitaishika kazi au nitaikataa. Ufa ulio kwenye ukuta mtupu wa pipa, ambao kazi yake ni kuzuia maji tu, unatengenezeka, hata ukiwa na urefu wa kiganja. Ufa uliopita kwenye kiti cha beringi, kwenye sikio la springi, kwenye mguu unaoshikilia shokapu, au kwenye boliti za jiwe la zege, siushiki hata mteja akinisihi. Sehemu hizo hubeba uzito na mapigo, na plastiki iliyoyeyushwa kwa mkono hairudii nguvu ya ile iliyotoka kwenye kalibu ya kiwanda. Kuvuja kukirudi, nyumba italowa. Sikio la springi likikatika ngoma ikiwa kwenye mwendo wa kukamua, pipa zima litagonga kuta za mashine na kuvunja kila kilicho karibu, zikiwemo nyaya za umeme zilizo jirani na maji. Ninakataa pia mapipa yaliyozeeka yakawa kama chaki, ambayo ukiyakwangua kwa kisu hutoa vumbi badala ya unyoa unaojikunja. Plastiki ya namna hiyo hupasuka pembeni mwa lehemu hata kabla haijapoa.

Pipa linaloshikika, ninalisoma kwanza. Mahali fulani mgongoni au ubavuni huwa pameandikwa herufi ndani ya alama mbili za mishale midogo: PP peke yake kwa polipropilini tupu, PP-TD40 kwa iliyochanganywa na asilimia 40 ya talki (unga laini wa madini), au PP-GF30 kwa yenye asilimia 30 ya nyuzi za kioo. Tofauti hizi si za karatasini tu. Yenye talki huyeyuka ikiwa nzito na huhitaji kukandwa zaidi. Yenye nyuzi za kioo huungana, lakini nyuzi hazivuki kutoka upande mmoja wa ufa kwenda wa pili, kwa hiyo mshono hubaki kuwa sehemu dhaifu. Wengine hupima plastiki kwa kuiweka kwenye maji, kwa kuwa polipropilini tupu ina uzito wa gramu 0.9 kwa sentimita ya ujazo na huelea. Kipimo hicho huwapotosha kwenye mapipa, kwa sababu kipande chenye talki ya asilimia 40 hufikia gramu 1.2 na huzama moja kwa moja, ingawa ni polipropilini ileile. Herufi zikiwa zimefutika, nakata unyoa mdogo na kuuchoma nje, mbali na pua: polipropilini huwaka taratibu, hudondoka, na ikizimwa hunuka kama mshumaa, ilhali plastiki za jamii ya ABS hutoa moshi mweusi wenye masizi.

Plagi ikiwa imechomolewa, bomba limefungwa na maji yaliyobaki yamemwagwa kupitia chujio la pampu, kuna jambo moja la umeme ambalo siliruki katika mashine zenye mota inayotumia kapasita, hasa zile za mapipa mawili. Kapasita huweza kubaki na chaji baada ya plagi kutolewa, na hugonga mkono usiotarajia. Ninaiachilia chaji yake kwa kizuizi cha umeme (rezista) chenye nyaya zilizokingwa kabla mkono wangu haujakaribia upande ule.

Usafi wa ufa huchukua muda mrefu kuliko ufundi wenyewe. Ndani ya ufa kumejaa utando wa sabuni, mafuta ya dawa ya kulainisha nguo na chokaa, na vyote hivyo vikikutana na chuma cha moto huchemka na kuacha mapovu ndani ya mshono. Chokaa naiondoa kwa siki, nasuuza, nakausha kwa hewa ya uvuguvugu hadi ndani ya ufa, kisha napitisha kitambaa chenye spiriti. Kitambaa kikitoka na weusi narudia. Gundi ya aliyenitangulia naikwangua yote kwa ubapa wa kisu, na silikoni ndiyo inayochosha kuliko zote, kwa kuwa filamu yake isiyoonekana inatosha kuharibu kila kitakachofuata.

Kisha natafuta mwisho wa kweli wa ufa. Jicho hudanganywa hapa, kwani ufa wa polipropilini huendelea milimita kadhaa zaidi ya pale unapoonekana kukoma. Ninalisukuma pipa kwa kidole gumba kutoka ndani, kwa upole, na mstari mweupe hutokea mbele ya ncha ya ufa, mahali plastiki inapovutika kabla ya kukatika. Mbele kidogo ya mstari huo ndipo ninapotoboa tundu la milimita 2 au 3 kila upande. Tundu la mviringo husambaza mkazo uliokuwa umekusanyika kwenye ncha kali, na ufa hukosa pa kuanzia safari. Halafu nauchimba ufa wenyewe kwa kisu au kwa ncha ya tupa uwe mfereji wenye umbo la V, kina chake kikifikia karibu theluthi mbili za unene wa ukuta, na kandokando napitisha msasa hadi mng'ao utoweke.

Kwa kuyeyusha natumia chuma cha kulehemu cha umeme chenye ncha bapa na kirekebisha joto, au bunduki ya hewa moto yenye mdomo mwembamba pale ufa ulipo mahali pa wazi. Chuma cha bei rahisi kisichorekebishwa hupanda hadi nyuzi 400, na hapo plastiki haiyeyuki bali inaungua. Hugeuka hudhurungi, hutoa moshi unaochoma koo, na mshono wake huvunjika kama biskuti. Ninataka plastiki iwe laini, yenye kung'aa kidogo, isiyotoa moshi. Kwanza nayeyusha sakafu ya mfereji ili kingo mbili ziungane zenyewe, nikiisukuma ncha ya chuma kwa mwendo wa kuzungusha, upande mmoja ukichanganywa na mwingine. Plastiki ikiwa bado laini naanza kuijazia kwa vipande vyembamba vya plastiki ya aina ileile. Vipande vizuri kuliko vyote hutoka kwenye pipa lililokufa la mashine inayofanana, na kwa hiyo mapipa mabovu kwangu hayatupwi. Nayakata vijiti virefu na kuviandikia herufi zake. Kijiti na ukuta lazima viyeyuke pamoja. Anayeyeyusha kijiti peke yake na kukimimina juu ya ukuta baridi amerudi kulekule kwenye gundi, isipokuwa gundi yake sasa ni plastiki.

Ufa ukizidi sentimita 3 au 4, juu ya tabaka la kwanza nazamisha kipande cha wavu wa waya wa chuma cha pua, nikikikandamiza kwa chuma cha moto hadi plastiki ipande kupitia matundu yake, kisha nakifunika kwa tabaka jingine. Wavu huwekwa nje ya pipa. Ndani sipendi kuacha chochote kinachoweza kuchomoza siku moja na kukutana na nguo. Tabaka la mwisho naliacha lizidi usawa wa ukuta, kwa kuwa polipropilini husinyaa inapopoa, na mshono uliokuwa sawia ukiwa wa moto utakutwa umebonyea ukiwa wa baridi. Naliacha lipoe kwa hewa ya kawaida. Kulimwagia maji ili kuokoa dakika chache kunafungia mkazo ndani yake, na sauti ndogo ya kukatika hufuata baadaye, wakati mwingine mashine ikiwa imekwisha kurudi kwa mwenyewe. Kazi yote hii inafanyika nje au mbele ya dirisha lililo wazi.

Tundu la mviringo ni jambo jepesi zaidi, na kwa tundu lisilozidi upana wa kidole ninapendelea boliti kuliko moto. Nalipanua hadi liwe duara safi, kisha napitisha kutoka ndani boliti ya chuma cha pua yenye kichwa bapa, ikiwa na washa pana ya chuma na washa ya mpira, na nje naweka mpira mwingine, washa pana na nati yenye plastiki ya kuzuia kulegea. Mpira unaofaa ni ule wa raba ya mlango ya zamani, sehemu yake iliyo bapa, kwa sababu ulitengenezwa kuishi na maji ya moto na sabuni; nakata duara kwa mkasi, kubwa kidogo kuliko washa. Nati naikaza hadi mpira uanze kutokeza pembeni, kisha naacha. Kukaza zaidi kunaikunja plastiki, na plastiki iliyo chini ya mkazo wa kudumu husogea taratibu hadi mpira ukose kubanwa. Kilicho cha lazima ni nafasi kati ya kichwa cha boliti na ngoma. Kwa kuwa ngoma na pipa hubembea pamoja, nafasi hiyo haibadiliki sana, lakini katika baadhi ya mashine ni milimita chache tu, na beringi iliyolegea huila. Ninapima kwa kubandika donge la udongo laini wa kuchezea juu ya kichwa cha boliti, kuizungusha ngoma kwa mkono huku nikiisukuma chini, na kuangalia kama donge limeguswa.

Silikoni nayo ina nafasi yake, ila si ile inayopewa na wengi. Ikibanwa kati ya vitu viwili vilivyofungwa kwa boliti, inafanya kazi nzuri ya gasketi hata kama haikushikana na plastiki, kwa kuwa inajaza nafasi na haina mahali pa kukimbilia. Ndivyo ninavyoitumia kwenye mapipa ambayo kiwanda kimeyachomelea nusu mbili zikawa kitu kimoja, na ambayo hayafunguki ila kwa msumeno. Ukiyakata kwenye mstari wa maungio, unayarudisha kwa boliti nyingi za karibukaribu na ukanda wa silikoni usiokatika katikati yake. Sifurahii kazi hiyo. Inakula siku nzima, na inastahili tu pale kitu kilicho ndani, kama vile beringi, nacho kinahitaji kubadilishwa.

Kuhusu gundi, zipo za sehemu mbili za jamii ya akriliki zilizotengenezwa mahususi kwa polipropilini na polithini, na zipo supagluu zinazouzwa na kichupa cha dawa ya kupaka kwanza ili uso ukubali kushikwa. Zote hufanya kazi kwa kubadilisha uso wa plastiki, na huwa naziwekea nyufa nyembamba kama unywele mahali ambapo chuma cha moto hakifiki. Mwali wa gesi unaopitishwa haraka juu ya uso, bila kuuyeyusha, nao huufanya ukubali gundi kwa muda mfupi. Dalili yake ni kwamba maji yaliyokuwa yakijikusanya matone yanatandaa. Lakini hata gundi hizi sizipi kazi peke yake kwenye mashine inayochemsha maji. Supagluu hasa ni ngumu na haipendi mchanganyiko wa joto, unyevu na mtikisiko, ambao ndio maisha yote ya pipa.

Majaribio nayafanya kwa mpangilio usiobadilika, kwa sababu kila hatua hufichua kosa la aina yake. Najaza maji ya baridi kupita usawa wa mshono na kuiacha mashine imesimama usiku kucha juu ya karatasi kavu, kwa kuwa tone la mvujo mdogo huchukua saa nyingi kujikusanya. Karatasi ikiwa kavu, naendesha mzunguko wa maji ya moto bila nguo, mfuniko wa nyuma ukiwa wazi na mkono wangu ukiwa mbali na mkanda, nikitazama mshono kwa tochi wakati plastiki inapopanuka. Mwisho nakamua nikiwa nimeweka taulo moja nzito iliyolowa, ambayo hukaa upande mmoja na kuitikisa mashine kuliko mzigo wa kawaida. Mshono uliopita hatua mbili za kwanza ukishindwa hapa, tatizo huwa ni tundu la kuzuia ufa lililotobolewa kabla ya mwisho wake wa kweli.

Mwenye mashine namwomba ainue mfuniko wa nyuma, plagi ikiwa imechomolewa, baada ya wiki chache za kufua, na kutazama vitu viwili: kama kuna mkia mweupe wa sabuni chini ya mshono, na kama kuna mstari mweupe unaotokeza mbele ya ncha zake. Mkia wa sabuni bila mstari maana yake ni kitobo kilichobaki ndani ya lehemu, na hicho hurekebishika kwa kuyeyusha upya sehemu ile ile. Mstari ukiwepo, ufa bado unatembea, plastiki imechoka kupita eneo nililoligusa, na kinachofuata ni kutafuta pipa zima lenye namba ileile ya modeli.